Mzizi wa Jicho

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka minane, kipande cha mpingo kiliruka kikamwingia baba yangu jichoni, na shule yangu ikaishia hapo. Nilikuwa darasa la pili. Sikulia, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa na kiboko kirefu kuliko yeye mwenyewe. Kusoma ninakokujua nimekutoa kwenye magazeti ya kufungia nyama, na kwenye miezi saba ya masomo ya ngumbaru nilipokuwa tayari mama wa watoto. Basi mkiona nukta imekaa vibaya, iacheni ikae. Sijawahi kuona nukta ikimlisha mtu.

Baba alikuwa mchonga vinyago, kama Wakamba wengi waliokuja Nairobi wakati ule. Tulikaa Majengo, Pumwani, chumba kimoja katika nyumba ya udongo yenye vyumba sita. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zuhura, aliyekaanga kaimati barazani kila alasiri, na harufu ya ile sukari ndiyo iliyokuwa saa yetu. Mama alifua nguo za watu Eastleigh na kurudi amechoka, kwa hiyo hayumo sana katika habari hii.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Mtoto hakuwa wa mtu mmoja. Ukitukana bombani, kofi la kwanza ulipigwa na aliyekusikia, la pili na jirani aliyeambiwa, la tatu nyumbani, na la nyumbani ndilo lililokuwa jepesi. Tulicheza kati, mmoja akikwepa katikati, kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani. Blada tulizikata kwenye tyubu kuukuu tulizookota kwa mafundi wa akala, vile viatu vya matairi, pale Kariokor, tukaruka mpaka magoti yakawa ya kijivu. Tulikula mabuyu ya rangi nyekundu, ulimi ukabaki mwekundu mpaka jioni, na mama akajua senti yake imekwenda wapi. Muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, ulipikwa sufuria kubwa, ukala leo, ukala kesho, kesho kutwa ukawa mtamu zaidi. Wajukuu wangu wanacheza mpira kwa kidole gumba, wakimaliza wanasema wamechoka. Sijui ni kidole kilichochoka au ni nini.

Lakini nilikuwa nasema habari ya jicho. Hospitalini walimwambia baba kwamba jicho limekwisha, wakalifunga bandeji, wakamrudisha nyumbani. Hawakukosea. Kilichobaki ni maumivu. Alikaa kitandani akigongagonga kisogo ukutani, polepole, mpaka udongo ukaanza kumomonyoka. Wiki ya pili akafika mama yake kutoka Kitui na gunia kichwani. Sisi nyanya tunamwita Susu, na baada ya muda Majengo nzima ilimwita hivyo, hata waliomzidi umri.

Susu alifungua bandeji akatazama. Akamwambia mwanawe, "Jicho limekufa. Sitalifufua. Nitaondoa kelele zake."

Alitoa mzizi mmoja mwembamba kwenye kitambaa chenye fundo, akaukwangua kwa kisu. Unga ule hakuuweka kwenye kijiko. Alimwambia baba anyooshe mkono, akamimina katikati ya kiganja chake mpaka ukafika alikotaka, kisha akauhamisha ndani ya kikombe cha uji. Baba alikunywa, akalala, akaamka kesho yake adhuhuri akiomba chakula. Baada ya hapo aliishi miaka mingi na jicho moja, akiwapigia wenzake vinyago msasa, kwa sababu msasa unapigwa kwa vidole.

Mimi niliona yote nikiwa mlangoni. Tangu siku ile nilitaka kuujua ule mzizi kuliko nilivyotaka kurudi shule.

Habari ilienea. Susu hakurudi Kitui. Alitandika gunia chini ya ukuta karibu na soko la Kariokor, pembeni mwa fundi wa akala, na mimi nikawa miguu yake. Nilibeba, nilitwanga, nilianika. Kuanika kulikuwa kivulini, kamwe si juani. Mabati ya jirani yalikuwa moto siku nzima na ingekuwa rahisi kutupa majani huko juu yakauke kwa saa moja, lakini Susu alisema jani lililokaangwa limebaki kuwa takataka yenye harufu.

Alinifundisha dawa moja moja, kila moja miezi miwili au mitatu, na hakuanza na ya pili mpaka ulimi wangu umeikubali ya kwanza. Nilifumba macho, akaniwekea kipande mdomoni, nikatafuna, nikataja. Nikikosea sikupigwa, nilitafuna tena. Kabla hajaniambia dawa inatibu nini, aliniambia kwanza isichotibu. Muteta haitibu mfupa uliovunjika, hata ukiichemsha na supu ya kongoro mwezi mzima. Muarubaini haifai kwa mama mwenye mimba. Mshubiri si wa kila tumbo. Gome la muiri lisiguswe mpaka ujue mkojo wa mgonjwa una rangi gani. Ukishajua isichotibu, alisema, hutamdanganya mtu hata ukitaka.

Halafu kuchimba. Mara mbili tatu kwa mwaka alikwenda mlimani kwao. Alichimba upande wa jua linakotoka, akachukua mzizi mmoja wa pembeni, ule mkuu hakuugusa, akaweka punje ya maharagwe ndani ya shimo na kulifukia. Nilimwuliza maharagwe ni ya nini. Akasema, "Wewe ukiingia nyumbani kwa mtu ukachukua kitu, unatoka hivi hivi?"

Sheria iliyomsumbua kila mteja ilikuwa ya mkono. Dawa ya kunywa ilipimwa kwenye kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Mtoto ana kiganja cha mtoto, mzee aliyekauka ana kiganja kilichokauka, na mwili umejipimia. Kama mgonjwa hawezi kuja, aliyetumwa alete uzi uliozungushwa kwenye ngumi ya mgonjwa na kukatwa hapo. Susu aliuweka ule uzi chini kama duara, akamimina unga ndani yake. Bila uzi, hakuna dawa. Watu walikasirika. Mwanamume mmoja aliyetoka Kariobangi kwa miguu alimwambia yeye si mtoto wa kutumwa uzi. Susu akamwonyesha fundi wa akala.

"Mwambie huyu akukatie kiatu cha mkeo bila kuuona mguu."

Fundi, bila kuinua kichwa, akasema, "Mimi ninaweza. Lakini ukirudi kunitukana usirudi na mke."

Yule bwana akarudi Kariobangi, akaja kesho yake na uzi.

Chumba cha tatu kutoka chetu alikaa Mama Nekesa, Mluhya, mume wake akifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha mifuko. Mama Nekesa ndiye aliyemletea Susu mkombero, mzizi wa kutafuna, kutoka kwao, na Susu akampa muteta wa supu. Walikaa kizingitini wakitafuna.

"Huu wenu unawasha kama maneno ya wakwe," Susu akasema.

"Na huu wenu, Susu, ni mchungu kama hao wakwe wenyewe. Ndiyo maana mnakonda."

Walipendana namna hiyo. Ninawaeleza mjue ni kitu gani nilichokivunja.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimeshika dawa kumi na nane, na Susu alikuwa amesema akirudi kutoka Kitui safari ile ataanza kunifundisha ya kumi na tisa, mzizi wa jicho. Watu walikuwa wakitoka mpaka Machakos kuutafuta, na hakuna mwingine pale Kariokor aliyekuwa nao. Aliniacha kwenye gunia siku nne. Aliniambia niuze za kutafuna na za kupaka tu, za kunywa zisubiri.

Siku ya tatu, asubuhi, akaja Baba Nekesa. Mtoto wao wa mwisho, Wafula, alikuwa na miaka miwili na tumbo limejaa minyoo. Alikuja amevaa nguo za kazi, akitazama barabarani, akaniita kwa jina.

"Mwende, nipe ile ya minyoo."

"Susu hayupo."

"Najua hayupo. Wewe si ndiye mwenye gunia? Au unalinda tu?"

"Umeleta uzi?"

"Uzi wa nini? Wafula unamwona kila siku. Unambeba. Pima hapa, naenda zamu."

Akanyoosha mkono wake. Mkono wa kiwandani, kiganja kama sahani. Fundi wa akala alikuwa anatazama, na mwanamke mwingine amesimama nyuma akisubiri. Ningesema hapana, ningekuwa mlinzi wa gunia. Nikasema moyoni kwamba Wafula ninamjua, nitakadiria. Nikamimina nusu ya kiganja kile, nikajiona nimepunguza sana, naye akaipeleka nyumbani mbio. Nusu ya kiganja cha mtu yule ilikuwa viganja vitatu vya mtoto. Jina la dawa sitaliandika, maana bado kuna mtu anaweza kuikosea.

Ilipofika saa nane mchana Wafula alikuwa amehara mpaka hana cha kuhara. Macho yalizama, ngozi ukiivuta inabaki imesimama. Mama Nekesa alikimbia naye hospitalini akiwa na kiatu kimoja. Mtoto akatundikiwa maji, akakaa siku tano. Alipona. Naandika hilo haraka ili mtu asisome akiwa ameshika pumzi kama nilivyoshika mimi siku tano.

Majengo haikungoja apone ndipo iseme. Bombani wanawake walinipisha njia, na si kwa heshima. Mtoto wa umri wangu akaniambia, "Mchawi mdogo, mkubwa anarudi lini?" Mwenye mdomo mkubwa zaidi alisema yule bibi wa Kitui aondolewe Kariokor kabla hajamaliza watoto. Baba, kwa jicho lake moja, alinitazama tu akaendelea kupiga msasa.

Susu alirudi siku ya nne. Aliambiwa kabla hajatua gunia. Hakuniuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Mama Nekesa, ambaye alikuwa amekuja kubadilisha nguo arudi hospitalini. Nilimfuata kwa mbali.

"Nani alimpimia mtoto wangu?" Mama Nekesa akauliza, ingawa alijua.

"Ni mimi."

"Susu, usinifanye mjinga. Ulikuwa Kitui."

"Mwili ulikuwa Kitui. Mkono niliuacha hapa. Ule ni mkono wangu."

Mama Nekesa akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango. Kisha akasema, "Basi mkono wako usipite mlango huu. Wala Wafula asionekane karibu na gunia lenu. Nikimwona hapo, ni mimi na wewe."

"Sawa," Susu akasema. "Ungesema zaidi ya hapo bado ingekuwa sawa."

Tuliporudi chumbani ndipo aliponiambia. Hakupaza sauti. Hakunipiga, na afadhali angenipiga, kwa sababu kofi huisha.

"Kumi na nane ulizoshika siwezi kukutoa mdomoni. Lakini hutapima tena. Na ya jicho hutaijua mpaka yule mtoto akuletee mkono wake mwenyewe. Asishikwe, asitumwe, asihongwe. Alete mwenyewe."

"Ana miaka miwili, Susu."

"Nimeona."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumsubiri mtoto akue. Sijui kama mmewahi. Nilitwanga, nilianika, nilifunga karatasi, na mgonjwa akinyoosha mkono nilisogea pembeni, Susu akapima. Wateja walipungua nusu, kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa sababu maumivu hayana aibu. Wafula akawa na miaka mitatu, akawa na minne. Alipita mbali akishikwa mkono, na mama yake alimgeuza uso kama mtu anayepitisha mtoto karibu na msiba.

Alipofika mitano nilijaribu hila. Nilinunua kaimati kwa Bi Zuhura nikampa alipokuwa peke yake uani. Alikula zote, akapangusa sukari kwenye kaptura, akakimbia. Susu alikuwa ameketi dirishani.

"Umenunua kaimati," akasema. "Mkono haukuwemo."

Wakati huohuo Susu alikuwa akizeeka. Magoti yalikataa milima. Safari za Kitui zikawa moja kwa mwaka, kisha akaanza kumtuma mtu amletee zile za kawaida. Mzizi wa jicho hakumtuma mtu. Kile kitambaa chenye fundo kilizidi kuwa chepesi, na kipande cha mwisho kilikwenda kwa mzee mmoja wa Machakos. Kariokor nako kulikuwa na wauzaji wengine sasa, vijana wenye magunia manono, waliotuona tukipata chakula wakasema kumbe mizizi inalika. Walipima kwa kizibo cha chupa. Nilikuwa nikiwatazama na kuhesabu miaka ya Wafula.

Alikuja akiwa na miaka saba. Likizo, baada ya saa sita, jua kali. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye gunia, mkono mmoja mfukoni.

"Wewe ndiye ulinipa ile ya kuhara?"

"Ni mimi."

"Mama anasema ulitaka kuniua."

"Sikutaka. Lakini nilikaribia."

Akafikiria. "Tumbo linauma."

"Umekula nini?"

"Maembe mabichi. Matano. Na chumvi na pilipili."

"Mama anajua?"

"Hajui. Akijua atanichapa mara mbili, ya maembe na ya kuja hapa."

"Basi mbona umekuja?"

"Mama yuko kazini. Na tumbo liko hapa."

Susu alikuwa ameegemea ukuta, kitenge kimemfunika kichwa, kama aliyelala. Wafula akautoa mkono mfukoni, akaupangusa kwenye shati, akaunyoosha. Kiganja kidogo, kina wino wa kalamu na tope la goroli. Nilichukua unga wa tumbo, ule mpole kuliko yote tuliyokuwa nayo, ambao hata mtoto anayenyonya hupewa. Unga kidogo ukamwagika kwenye gunia. Nilimimina mpaka nikafika karibu na mstari wa kiganja, nikaacha hapo, nikamchanganyia na maji. Akanywa, akakunja uso, akasema ni kama matope ya Nairobi River. Kisha akakaa kwenye akala za fundi akingoja tumbo, lilipotulia akaondoka bila kusema asante. Mama yake alijua jioni hiyohiyo. Alimchapa mara moja tu, ya maembe. Kesho yake alipita mbele ya gunia, akasimama, akamwuliza Susu kama muteta upo.

"Ulipunguza," Susu aliniambia siku ile, Wafula alipoondoka.

"Niliogopa."

"Ndiyo. Kesho nitakwambia ya jicho."

Akaniambia, siku tatu mfululizo, kuanzia isichotibu. Haitibu jicho lililo hai, hulitia ukungu. Haitibu maumivu yasiyojulikana yametoka wapi. Asipewe aliye na mimba, asipewe mlevi, asipewe mtoto kamwe. Inaota chini ya jiwe, mahali ambapo jua linafika asubuhi tu. Jani lake ni dogo, upande wa chini lina vinyweleo vyeupe. Mzizi ukiukata ni wa njano nje na mweupe ndani. Ladha yake, akasema, inaanza tamu kama muwa wa mwisho, halafu inatia ganzi pembeni mwa ulimi, si katikati. Mengine hayo nitayajua nikitafuna. Tutakwenda mvua ikiisha, alisema.

Tulikwenda. Basi mpaka Kitui, lori mpaka sokoni kwao, na kutoka hapo miguu. Susu alitembea akishikilia bega langu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa na furaha ambayo sikumwonyesha mtu.

Mlima ulikuwa umenyolewa. Upande mmoja wachoma makaa walikuwa wamemaliza miti, moshi bado unatoka kwenye matuta. Upande wa mawe, ambako mkaa hauna kazi, kulikuwa na mashimo. Si vishimo vya mzizi mmoja. Mashimo ya jembe, mapana, mmea umeng'olewa na vyote vyake, na hakuna lililofukiwa. Tuliyajua mashimo yale ni ya nani. Tulikuwa tukiyaona magunia manono kila siku pale Kariokor.

Susu alinipeleka mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu. Alipajua bila kutafuta, kama mtu anayezima taa chumbani kwake. Pa tano alikaa chini. Alitoa punje ya maharagwe aliyokuwa ameifunga kwenye pembe ya kitenge, akaiweka ndani ya shimo ambalo hakulichimba yeye, akalifukia kwa mikono. Nilipotaka kumsaidia akanizuia.

"Ungekuja miaka mitano iliyopita ungeukuta umejaa," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyotaja bei. Baadaye, ndani ya basi, aliongeza kwamba yeye pia angeweza kunileta miaka mitano iliyopita. Hatukulizungumza tena. Alifariki miaka mitatu baadaye, na mpaka siku hiyo alikuwa akipima kwa kiganja.

Mimi nilitoka Kariokor nikaenda Kariobangi, nikaanza na meza, nikawa na kibanda. Nilisomesha watoto kwa mizizi na magome. Kati ya walioitwa wachawi pale bombani, mmoja sasa ana ploti. Nilichojifunza mlimani nilikitumia: sikungoja mlima wa mtu. Nilinunua shamba Kibwezi nikapanda, na watu wakacheka, wakisema dawa ya kupandwa haina nguvu, dawa ni ya porini. Pori liko wapi? Hao waliocheka sasa wananiagizia.

Siku hizi dawa iko kwenye kopo la plastiki, ina picha ya jani ambalo halimo ndani, na imeandikwa inatibu mambo ishirini na saba. Sijaona kopo lililoandikwa isichotibu. Wanaiita ditoksi. Mtu amekula chipsi wiki nzima, anakunywa ditoksi, anahara, anasema amepona. Sisi tulikuwa tukiita hilo kuhara.

Juzijuzi alikuja kijana, nywele zimesokotwa, masikio yamezibwa kwa waya za simu.

"Niaje shosho. Niwekee ya pressure ya mia."

"Lete mkono."

"Mkono ya nini? Si yangu. Ni ya buda."

"Basi mlete buda."

"Buda ako job, shosho. Weka tu kwa karatasi."

"Na dawa nayo iko job. Presha yake imepimwa na daktari?"

"Hapana, ye hujiskia tu."

"Mpeleke apimwe kwanza. Halafu aje mwenyewe, na vidonge alivyopewa, tuone kama vinapatana na hii."

Alienda akicheka, akimwambia mwenzake shosho huyu ni noma, yaani nyanya huyu si mchezo. Siku mbili baadaye alirudi na baba yake na karatasi ya hospitali. Kwa hiyo nao si wabaya wote. Wanataka tu kila kitu kiwe kimefungwa tayari.

Mjukuu wangu Mutheu yuko chuo. Anapiga picha kila jani, anaandika kila kitu, na nikimwambia ulimi haupigwi picha ananiambia nitafune yeye aandike. Susu angekataa. Mimi nimekubali, kwa sababu nimeona kinachotokea mtu akishikilia kitu miaka mitano. Lakini kabla ya kuandika anatafuna, na kupima hatapima mpaka nimemwona ameogopa.

Wafula naye ni mzee sasa, ana kitambi. Ameendesha malori ya Kitui na Garissa miaka thelathini, na kila alipoona mmea chini ya jiwe alisimamisha gari. Ameniletea mizizi nisiyoweza kuihesabu, imefungwa kwenye gazeti, kwenye soksi, mara moja kwenye kofia yake. Natafuna kipande kidogo kama punje, natema, nasukutua. "Ndiyo huu?" ananiuliza. "Siyo." Anasema haya, ataendelea. Hatujawahi kuzungumza kwa nini anafanya hivyo.

Ndiyo sababu nimeandika. Nyinyi wa rika langu mliokulia upande ule, mliotumwa na nyanya zenu mkachimbe, huenda mmoja wenu anaujua. Jani dogo, vinyweleo vyeupe chini. Njano nje, mweupe ndani. Msiutafune nyinyi. Msiung'oe wote. Chukueni wa pembeni, mfukie, mniletee Kariobangi, muulizie mama wa mizizi mwenye kupima kwa mkono, mtaonyeshwa. Zamani dawa ilikuwa nyingi na waliotaka kuijua walikuwa wachache. Leo wanaotaka wako na simu zao tayari, na mlima umenyolewa. Sijui lipi lingekuwa bora.

Nina miaka sitini na mitano. Vitu vyangu ni hivi. Kibanda kimoja cha mabati chenye mlango wa chuma. Vyumba vinne vya kupangisha, vitatu vina watu. Ekari moja na nusu Kibwezi, ua wa michongoma, tangi la maji, punda. Muteta thelathini na mmoja iliyoshika. Muarubaini sita. Muiri miwili, haipendi joto la kule lakini haijafa. Kinu kimoja, michi miwili. Watoto watatu wanaojitegemea. Mjukuu mmoja anayezijua kumi na moja. Dawa kumi na nane. Ya kumi na tisa nina maneno yake yote, mzizi sina.